Sinki ya Mama Yako

Kariuki mwanangu,

Mimi nina miaka sabini na nane, na meno mengi kinywani mwangu bado ni yangu. Nimezika ndugu zangu wote wanne, na mimi ndiye nilikuwa mkubwa wao. Nimepita Hali ya Hatari, wakati vijana wa rika langu walikuwa wanalala na viatu miguuni. Nimeona mkoloni akifungasha, na nimeona chama kilichosema kitatawala mpaka mwisho wa dunia kikishindwa, nikiwa nimekaa hapa hapa Mutuini kwenye kiti hiki. Machimbo ya mawe nilikoanzia kazi yamefukiwa, juu yake kuna shule. Daktari aliyeniambia moyo wangu hautamaliza mwaka, sisi ndio tulimzika. Kwa hivyo usione naandika barua ukadhani nimeanza kuaga. Nimeshinda vitu vingi. Hili la kwako ndilo limenishinda.

Naandika kwa Kiswahili, si kwa Kikuyu, kwa sababu Mwende wako ni Mkamba wa Machakos na najua ataisoma. Wanawake wa siku hizi husoma kila kitu. Asome. Mimi shule nilifika darasa la tatu, hayo mengine nilijifunza kwa masomo ya ngumbaru nikiwa mtu mzima, na mama yako alikuwa akizicheka herufi zangu, anasema zinatembea kama ng'ombe waliotoka kunywa maji. Sikuita mtu aniandikie. Ukikuta mahali pamepinda, soma tu vile ningesema.

Mambo ya kawaida sitakuambia. Kufunga mlango, kula vizuri, kwenda kanisani, hayo umeyasikia tangu utoto, hukuyafuata, na hukufa.

Wacha niseme hali ilivyo, ndiyo Mwende asibaki na maswali. Kesho pikapu inakuja kuchukua kitanda chako na ile kabati. Unahamia Hurlingham kwenye fleti ambayo Mwende ndiye aliiandikisha kwa jina lake, na mimi sijawapelekea wazazi wake hata mbuzi mmoja. Wazee wa kwao walisema wanataka kuona baba na mama wa kijana wakiingia pamoja, si mzee peke yake kama mtu aliyefiwa. Na mama yako yuko Mountain View kwa dada yako Nyokabi, huu ni mwaka wa nne. Alisema atakwenda Machakos na mimi siku nitakayokwenda kumchukua mwenyewe, niingie ndani, niketi, ninywe chai. Si maneno mengi. Ulinisihi tangu mvua za kwanza, nikakataa, na wewe umechoka. Ndiyo hiyo.

Juzi nilipita kwa bucha ya Gathogo. Unamjua mdomo wake. Alikuwa anakata mbavu, akaniona, akaweka panga chini ili aongee vizuri.

"Mzee Ndegwa, tumesikia Kariuki ameolewa."

Wale wa kwenye benchi wakacheka mpaka wakaweka supu chini.

"Na hao wa Machakos," akasema, "walikuletea mbuzi ngapi? Ama kijana alienda bure?"

Nikamwambia hayo maghorofa ya Hurlingham anayoyaona akipita kwa matatu, mawe ya yale ya zamani nilichonga mimi kwa mkono huu, kwa hivyo kijana wangu anahamia kwa nyumba ya baba yake. Gathogo akanifungia nyama, akasema pole pole, kama mtu mwenye huruma, "Basi Mzee leo nusu kilo itatosha. Uko peke yako." Hilo ndilo lilinikata, si lile la kwanza.

Sasa sikiliza. Wewe unaona mimi ni mzee wa zamani asiyejua ndoa za siku hizi. Mimi nimeona ndoa nyingi kuliko padri. Padri huona mwanzo tu, huwaona wakiwa wameoga. Mimi nina vyumba tisa vya kupangisha, na wapangaji wote huniita Guka, babu. Naona godoro likiingia na naona godoro likitoka.

Zamani mtu akija kuoa, ungesikia kwa wiki nyingi, wazee wanakwenda na kurudi, mpaka mbwa wa huko wanawazoea. Siku hizi kijana anakuja na msichana, godoro moja, mtungi mdogo wa gesi, wanasema ni njoo tukae. Nauliza, "Kwenu wanajua?" Wananitazama kama nimeuliza habari za mwezi. Asubuhi wanawasha redio, watu wanapiga simu kutangazia nchi nzima mambo ya chumbani kwao, na wale wawili wanachekea humo ndani huku wanavaa viatu.

Unawakumbuka wale wa namba nne, yule kijana wa kutengeneza simu na msichana wa saluni. Walikaa kama mwaka mmoja na nusu. Siku moja nikaona mikokoteni miwili imekuja, si mmoja. Msichana anafungua pazia, kijana anafunga godoro. Hakuna aliyekuwa analia. Nikavaa koti langu, nikatoa viti viwili nje, nikawaita, kwa maana mimi hapa nimesuluhisha watu waliokuwa wameshikana na visu.

Nikasema, "Haya, nani alikosa?"

Msichana akasema, "Hakuna aliyekosa, Guka. Tumeachana tu."

Nikamgeukia kijana. "Alikupikia vibaya? Alitembea nje?"

"Hapana, Guka. Ni mtu mzuri. Hata wewe unamjua."

"Sasa mimi nisuluhishe nini?"

Wakaangaliana, wakacheka, na msichana akamsaidia kijana kufunga kamba ya godoro kwa sababu ilikuwa imelegea. Halafu mikokoteni ikatoka, mmoja ukaenda juu na mwingine chini. Mimi nikabaki na viti vyangu. Nilikaa pale mpaka jua likahama. Kariuki, ugomvi nauelewa. Mtu akikosa anatozwa mbuzi, wazee wanakula, maneno yanaisha. Lakini watu wawili ambao hawakukosana wanaachana, hao nitawashika wapi? Siku hiyo ndiyo niliona kazi yangu imeisha. Sikumwambia mtu. Mama yako alikuwa bado yuko, alikuwa kwenye mfereji akisubiri ndoo ijae, na aliona yote. Alisema neno moja tu: "Angalau hao wamesaidiana kamba."

Mimi sikulisikia vizuri neno hilo wakati huo. Nalisikia sasa.

Na unajua nilikuwa na sheria, sikuwa napangisha mwanamke asiye na bwana. Kuna yule mwalimu wa nasari wa namba saba, alikuja na bwana wake mrefu, mpole, nikawapa chumba. Bwana akawa haonekani. "Yuko Mombasa kikazi," anasema. Nikawa namsifu kwa wengine, naona mke anayengoja bwana miaka mitatu bila kelele, nasema huyo ndiye mwanamke. Mpaka siku yule mrefu alipokuja na mke wake na watoto wawili kumsalimia dada yake. Nilimwita mwalimu nje.

"Kumbe huyo ni ndugu yako?"

"Ndiyo, Guka."

"Ulinidanganya."

"Wewe ulitaka kuona mwanamume mlangoni, Guka. Nikakuonyesha mmoja."

Mama yako alicheka siku hiyo mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tena. Mwalimu bado yuko namba saba, na ndiye mpangaji pekee anayeniuliza kama nimekula.

Sasa nije kwa mama yako. Hapa nitaandika pole pole.

Watu husema aliondoka. Hakuondoka. Nyokabi alijifungua, na mama ya mzazi huenda kumpikia uji na maharagwe ya njahi mpaka apate nguvu, hiyo ni desturi, hata mimi nilimfungia kiondo mwenyewe. Alisema atarudi mtoto akishika shingo. Mtoto akashika shingo. Akasema wacha aote meno. Mtoto akaota meno. Nyokabi akarudi kazini, akasema hapati msichana wa kazi mwaminifu. Sasa mtoto anakwenda shule na begi mgongoni, na mama yako bado anangoja kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni nini.

Lakini nilijua. Nisijifanye. Nilijua tangu siku ile Nyokabi alikuja kuchukua nguo zake za baridi. Alisema, "Baba, unajua Mama alipofika kwangu alifanya nini kwanza? Alifungua mfereji wa jikoni, akaufunga, akaufungua tena, akasimama hapo akilia." Nikasema wanawake wakizeeka hulia ovyo. Nyokabi akabeba nguo akaenda.

Wewe ulikuwa mdogo nilipojenga vyumba. Nilipojenga, kila chumba nilikiwekea mfereji ndani. Mutuini nzima hakukuwa na ploti ya namna hiyo, watu walikuja kutazama. Mpangaji anataka maji, usipompa atakwenda kwa mwingine. Nyumba yetu nikaiacha vile ilivyo, ya mbao, jiko la moshi huko nyuma. Mama yako akaniuliza, akiniita kwa jina la kaka yako, "Na jikoni, Baba Mbugua?" Nikamwambia jikoni kuna mtungi, na mfereji wa uani uko hatua chache. Na shinikizo la maji likipungua, wapangaji wanatoka na ndoo kwa ule wa uani, na mama yako anapanga laini nyuma yao. Mwenye ploti. Anangoja nyuma ya msichana wa saluni. Mimi niliwahi kujisifu kwa Gathogo, nikasema mke wangu hana majivuno, anapanga laini kama watu wengine. Nikanunuliwa supu kwa maneno hayo.

Aliuliza mara nyingi kwa miaka ya kwanza. Baadaye akawa haulizi. Nikadhani amekubali. Kama kuna kitu nakuomba ukichukue kutoka kwa nyumba hii pamoja na kabati, ni hicho. Mwanamke aliyeacha kuuliza usidhani amekubali. Mimi nilifurahia kule kunyamaza. Nililala usingizi mzuri sana ndani ya kule kunyamaza.

Sasa unaniuliza kwa nini sikwenda kumchukua mwaka wa kwanza. Umeniuliza kwa hasira, na mimi nikakujibu kwa hasira, kwa hivyo hukupata jibu. Jibu ni hili. Ile ni nyumba ya mkwe wangu. Baba ya msichana hakanyagi nyumba ya mkwe kabla ya kualikwa, na kualikwa si maneno ya mdomo. Mkwe anakuja na wazee wawili na kondoo dume, wanasema, Mzee, tunataka uje uone binti yako anapolala. Ndipo unakwenda, unakalishwa, unavikwa blanketi. Baba yangu alingoja hivyo kwa dada yangu, na alialikwa, na alitembea kwenda huko kama mfalme. Mama anaweza kwenda kupikia mzazi. Baba, hapana.

Yule bwana ya Nyokabi ni mtu wa kompyuta. Alinitumia ujumbe kwa simu. Wewe ndiye ulinisomea: karibu Jumapili tule pamoja. Nikasema mimi sialikwi na simu. Mwaka uliofuata akaja mwenyewe na gari, amebeba kreti ya soda na keki yenye maandishi. Hakuna mzee, hakuna kondoo. Nilimpokea vizuri, hatukugombana. Nikamwambia, "Keki ni ya watoto, wapelekee." Akasimama hapo uani na ile keki jua likiipiga, rangi inateremka pembeni. Akasema, "Baba, niambie tu unataka nini, nitafanya." Nikamwambia kijana anayeuliza hilo hana wazee kwao. Maneno hayo yalinipendeza sana nilipoyasema. Hakurudi, na mimi sikumlaumu, na sikumwita.

Ndivyo mimi na mama yako tumekaa, yeye upande ule wa Waiyaki Way na mimi huku, mtu akiwa na boda boda nzuri anafika kabla ugali haujapoa. Na wote wawili tuna afya. Kuna wanaume wa rika langu wangetoa jicho moja wapate mke aliye hai. Mimi wangu yuko hai, nikanyimwa yeye na kondoo ambaye hakuja.

Halafu wewe ukamleta Mwende.

Sikumtaka, unajua. Nilisema Mkamba, nilisema anavaa suruali, nilisema ana sauti kubwa. Alikula vizuri, hilo nilimpa. Baada ya kula akabeba vyombo, akaenda nyuma, akarudi na mikono mitupu. Akaniuliza mimi, si wewe, "Baba, kwa nini maji yako kwa wapangaji na hayako jikoni?"

Nikasema, "Jikoni kuna mtungi."

"Mtungi hauna mfereji," akasema, na akacheka, si kwa dharau. Akaenda uani kujaza ndoo, nikamwona amesimama mahali pale pale mama yako alikuwa anasimama, mkono kiunoni vile vile. Niliondoka nikaenda kwa ng'ombe.

Wiki iliyofuata ukarudi kutoka kazini ukanikuta nimechimba mtaro. Ulisema, "Baba, mgongo." Nikakufukuza. Nililaza paipu mwenyewe, nikajenga meza ya zege, nikaweka sinki ya kung'aa kuliko zile za wapangaji wote. Nikakukataza usimwambie mama yako. Nilitaka nimwambie mimi. Umelishika neno lako, nakushukuru, kwa maana najua kila ukitoka Mountain View lilikuwa linakuwasha mdomoni. Sinki hiyo sasa nina kikombe kimoja naosha humo, na sahani moja.

Na sasa ile siku ambayo sikukuambia.

Unakumbuka Jumamosi ile niliyovaa suti ya kijivu, nikakuambia naenda Kawangware kuona mtu wa mbolea. Ukacheka, ukasema, "Mbolea na tai, Baba?" Sikwenda Kawangware. Nilikwenda Mountain View.

Nilijiambia sitaingia nyumba ya mkwe. Nitasimama nje, nimwite mke wangu, atoke, nimwambie, tuondoke. Hivyo sitakuwa nimevunja desturi na hutakosa mama wa kwenda naye Machakos. Niliona nimekuwa mwerevu sana. Njiani nilirudia maneno. Yalikuwa machache. Maji yameingia jikoni, Mama Mbugua. Hayo tu.

Kwa geti yao kuna askari, Mluhya mmoja wa makamo, Wafula. Akaniuliza, "Mzee, unaenda nyumba gani?"

"Ya mke wangu."

"Namba ngapi?"

Kariuki, sikuijua namba. Mke wangu anakaa mahali miaka minne na mimi sijui namba ya mlango. Nikamwambia ni mama ya Nyokabi. Akatabasamu, akasema, "Yule nyanya tunamwita Shosho? Yeye hunitumia chai kila asubuhi. Wewe ndiye bwana yake? Anasema una kichwa ngumu." Akapiga simu ya geti. Nikamsikia mama yako humo ndani ya simu, sauti ndogo, lakini ni yake. Alisema, "Mwambie Baba Mbugua aingie. Chai iko."

Nikamwambia Wafula, "Mwambie atoke. Nitamngoja hapa."

Akamwambia. Mama yako akajibu, "Mwambie chai haitoki nje."

Nikasema, "Mwambie mimi sikuja kunywa chai."

Wafula akaweka mkono juu ya simu. "Mzee, ni hatua kama thelathini tu. Mimi nitakushikia kofia ukitaka."

"Ile ni nyumba ya mkwe wangu. Sijaalikwa."

"Si amesema uingie?"

"Yeye si mwenye nyumba."

"Lakini ni mwenye wewe," akasema. Nikamwambia achunge geti yake.

Akaniletea kiti. Nikakaa hapo nje. Kwanza nilikagua ukuta wao, na nakuambia ukuta ule kona imepinda na chokaa imewekwa na mtu mwenye haraka. Magari ya watu yakaingia, yakatoka. Watoto wakanipita na baiskeli. Wafula akaona nimekaa sana, akaanza kunipigia hadithi, na mimi nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya mtaro, paipu, zege, sinki. Nilimwambia vile nimeuweka mfereji upande wa kulia kwa sababu mama yako huosha kwa mkono wa kushoto. Yeye hakuwahi kuniambia hilo, nilikuwa nimeona tu. Wafula alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee, haya maneno unanipa mimi ya nini?"

Jioni ikaanza baridi, nikasimama, nikamwachia kiti chake, nikapanda gari nikarudi. Ulinikuta nimevua tai. Uliniuliza mbolea ilikuwa nzuri. Nikasema ilikuwa imeisha. Wiki hiyo hiyo ndiyo uliniambia umeamua kuhama. Ulisema, "Baba, nilikuomba kitu kimoja tu, na hukujaribu." Nikakuangalia hivi tu. Ningekuambia nilijaribu, ungeniuliza nini kilitokea, na ningesema nini? Nilikwenda na nilifika na niliitwa. Kilichobaki kilikuwa ni miguu.

Sasa unaniambia niende Hurlingham kukaa na nyinyi, kuna lifti. Nipandishwe juu kama ndoo ya mchanga, nifike nifunguliwe mlango na mwenye fleti. Hapana. Nimejijua sasa. Nitafika mpaka lifti na nitauliza mtateremka lini.

Yale mawe ya nyumba yako yaliyo nyuma ya zizi, niliyoyachonga ukiwa darasa la nane, yameota kijani. Kaka yako Mbugua yuko Amerika na mke ninayemjua kwa picha, yeye hayataki. Wewe sehemu yako ya shamba umesema nifanye ninavyoona. Nimeona. Fundi amekuja kupima, nitaongeza vyumba vinne. Kila kimoja na mfereji wake. Watakuja vijana na magodoro yao, nami nitawapa funguo na sitawauliza kama kwao wanajua. Hiyo ndiyo boma niliyokuwa nikisema itajaa wajukuu. Itajaa, lakini majina ya watoto wale sitakuwa nayajua.

Sijui mambo yenu yataishia wapi. Nilidhani ndoa za siku hizi zinavunjika kwa sababu hakuna mbuzi, hakuna wazee, hakuna desturi. Mimi yangu ilikuwa na vyote. Mbuzi walihesabiwa, wazee walikula, kanisa likapiga kengele. Na iko wapi? Kwa hivyo sina cha kukupa kinachofanya kazi. Nina hiki kimoja, na sijui hata kama ni ushauri. Mwende akisema ingia, ingia. Usingoje atoke. Usiulize nyumba ni ya nani. Ukiwa na viatu vyenye matope, ingia hivyo hivyo, mtagombana juu ya matope. Hiyo ni shida ndogo, watu wameishi nayo.

Kesho pikapu ikija nitakuwa kwa ng'ombe. Usinifuate huko. Barua nimeiweka ndani ya kabati, droo ya chini, utaiona ukifika.

Najua mtu akisema alikwenda na hakuna aliyemwona, huwa ni maneno tu. Ukitaka kujua kama nilifika, muulize Wafula, askari wa geti, ataonyesha hata kiti. Na kama Wafula amehamishwa, muulize mama yako. Ghorofa ya kwanza, dirisha la upande wa barabara, pazia la maua. Lilisogezwa kidogo nilipokaa kwenye kiti, na lilikuwa bado limeshikwa hivyo nilipoinuka kwenda. Yeye anajua nilikaa muda gani. Alikuwa amesimama muda ule ule.

Ni mimi baba yako,
Ndegwa wa Mbugua, Mutuini.